Kila Kufuli Lina Mwenyewe: Kuelewa Rekodi Zinazogoma Kwenye Mifumo ya Zamani

“Rekodi inatumiwa na mtu mwingine.” Ujumbe huo ukitokea kwenye skrini ya mhasibu saa kumi jioni, siku ya kufunga mwezi, ofisi nzima inachangamka. Mmoja atasema mfumo umekufa. Mwingine atasema data imeharibika. Wa tatu atakumbusha kwamba huu mfumo wa kizee ulitakiwa kutupwa zamani. Kisha atapigiwa simu mtu wa kompyuta, na ataulizwa swali moja tu: unaweza kuifungua?

Anaweza. Amri yenyewe ni fupi na inamaliza kazi kabla hujakohoa. Ila uharibifu mwingi niliowahi kuitwa kuusafisha haukuletwa na kufuli. Uliletwa na aliyelivunja bila kuuliza limeshikwa na nani, na huyo mtu alikuwa katikati ya kazi gani. Kwa hiyo kabla hatujagusa amri yoyote, tuelewane kwanza kufuli ni nini.

Mifumo ninayoizungumzia ni ile ya ukoo wa Pick, yaani kanzidata (programu za kutunzia kumbukumbu za ofisi) zilizotokana na mzazi mmoja. Mwaka 1965, ndani ya kampuni ya TRW ya Marekani, Don Nelson na Dick Pick walitengeneza programu ya kulisaidia jeshi la nchi hiyo kufuatilia vipuri vya helikopta aina ya Cheyenne. Helikopta yenyewe haikufika kwenye uzalishaji wa wingi, mradi ukafutwa. Programu ikabaki. Mwaka 1973 kampuni ya Microdata ikaanza kuiuza kibiashara kwa jina la Reality, na tangu hapo ikazaa watoto wengi: UniVerse, UniData, D3, jBASE, OpenQM. UniVerse na UniData zilipita mikononi mwa IBM, kisha zikanunuliwa na Rocket Software mwaka 2009. jBASE kwa miaka mingi ndiyo iliyoubeba mfumo wa kibenki wa T24 wa kampuni ya Temenos, ambao umetumiwa na benki za nchi nyingi, za kwetu Afrika Mashariki zikiwemo. Kwa hiyo usidhani ni habari za makumbusho. Ipo mishahara, mikopo na bohari ambazo hadi leo asubuhi zimefunguliwa juu ya mifumo hii.

Kinachoitofautisha na kanzidata nyingine ni kwamba sehemu moja ya rekodi inaweza kubeba thamani nyingi. Kwenye jedwali la kawaida, kila kisanduku kina kitu kimoja. Kwenye Pick, ankara moja ni rekodi moja, na ndani yake sehemu ya bidhaa inabeba bidhaa zote za ankara hiyo, sehemu ya idadi inabeba idadi zote, sehemu ya bei inabeba bei zote. Mwenye duka la mkopo hana shida kuelewa hili. Daftari lake lina ukurasa mmoja kwa kila mteja, na ndani ya ukurasa kuna mistari mingi. Haendi kuandika sukari ya mteja kwenye daftari moja na unga wake kwenye daftari lingine.

Huo ukurasa ndio rekodi. Kurasa za aina moja zikikusanywa pamoja zinakuwa faili.

Sasa kufuli. Watu wengi wakisikia neno hilo wanawaza mnyororo uliozungushiwa rekodi kule kwenye diski. Siyo. Aliyewahi kufanya kazi masijala ya serikali atanielewa haraka zaidi kuliko aliyesomea kompyuta. Faili likitoka kabatini, karani anaandika kwenye rejista: faili namba fulani, limechukuliwa na afisa fulani, saa fulani. Akija afisa wa pili kulitaka, anaambiwa lipo kwa mwenzako, subiri. Faili halijafungwa kwa chochote, na maandishi yaliyomo hayajaguswa. Kinachomzuia afisa wa pili ni ule mstari kwenye rejista.

Kufuli la rekodi ni mstari wa namna hiyo. Umeandikwa kwenye jedwali dogo ndani ya kumbukumbu ya muda ya seva: rekodi hii, ya faili hili, iko kwa mtumiaji huyu. Programu ikisoma rekodi kwa amri ya READU, mstari unaandikwa. Ikimaliza kuandika mabadiliko kwa WRITE, mstari unafutwa. Ikiamua kuachana nayo bila kubadili chochote, inatakiwa itoe RELEASE, sawa na afisa anayerudisha faili na kusema sikuliandika kitu. Ikisoma kwa READ ya kawaida haigusi rejista kabisa, wala haizuiwi nayo. Ndiyo maana ripoti inaweza kuonyesha rekodi ambayo skrini ya mauzo inadai imefungwa, na watu wanashangaa mbona huku inaonekana.

Ukishaliona hivyo, imani mbili zinakufa zenyewe. Ya kwanza, kwamba rekodi iliyofungwa imeharibika. Hapana, kuna mtu kaichukua. Ya pili, kwamba kuzima seva na kuiwasha “kunatengeneza” tatizo. Kuzima kunaichoma rejista nzima. Makufuli yote yanapotea kwa sababu yalikuwa kwenye kumbukumbu ya muda, lakini yule aliyekuwa katikati ya kuandika ameachwa na nusu ya kazi. Nusu hiyo iko kwenye diski, na baada ya kuwasha hakuna tena mstari wa kukuonyesha ilikuwa ya nani.

Kwa nini tujisumbue na rejista? Chukua hesabu hii. Bohari ina pedi za breki 40. Muuzaji wa dirisha la kwanza anasoma 40, anauza 6, anakusudia kuandika 34. Kabla hajaandika, wa dirisha la pili naye anasoma 40, anauza 10, anakusudia kuandika 30. Wa kwanza anaandika 34. Wa pili anaandika 30 juu yake. Zimetoka pedi 16, rafuni zimebaki 24, kompyuta inasema 30. Hakuna ujumbe wa kosa uliotokea, hakuna kilichogoma, kila mtu amefanya kazi yake sawasawa. Mwisho wa mwezi pedi 6 zimepotea na mtunza bohari anaitwa mwizi. Nimeona mtu akikatwa mshahara kwa hesabu ya namna hii, na kila nikikumbuka inaniuma.

Jambo hilo ndilo kufuli linalolizuia. Na ndilo unaloliruhusu ukilivunja kiholela.

Nieleze tukio moja. Kwa muuzaji wa jumla wa spea za magari, aina moja ya pedi ilikuwa haiuziki tangu saa sita mchana. Kila dirisha lililoigusa liliganda. Simu niliyopigiwa haikuwa na salamu: “Kaka, tuvunjie hiyo kufuli, wateja wamejaa.” Mfumo wao ulikuwa UniVerse, kwa hiyo nikaanza na amri ya LIST.READU EVERY, ambayo ni sawa na kumwomba karani akufungulie rejista. (Wenye UniData wana LIST.READU. Kwenye D3 ni LIST-LOCKS, kwenye jBASE ni SHOW-ITEM-LOCKS.) Ikaja mistari michache, na mmoja ulikuwa na namba ya pedi zile. Ndani ya mstari huo, namba ya mtumiaji: 43. Kwenye safu ya aina ya kufuli, herufi RU, yaani rekodi imechukuliwa kwa nia ya kubadilishwa. Kisha jina la kuingilia, la ghala. Mwisho, namba ya bidhaa.

Hapo nina mambo matatu mkononi: nani, nini, kwa nia gani. Nikauliza ghala ni nani. Wakaniambia ni dada anayepokea mizigo, ametoka kula. Skrini yake je? Kijana akatumwa akaangalie. Akarudi mbio: skrini iko wazi kwenye ukurasa wa kupokea mzigo, pedi 60 zimeshaandikwa, bado tu kubonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Tungevunja lile kufuli, madirisha yangeendelea kuuza kutoka kwenye hesabu ya zamani. Kisha dada angerudi, angebonyeza kuhifadhi, na programu yake ingeandika kile ilichosoma mchana kujumlisha 60, ikifuta mauzo yote ya alasiri.

Tatizo lao halikuwa kufuli, bali programu iliyoandikwa kumfungia mtu rekodi kisha ikakaa kumsubiri. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote: READU imewekwa mwanzo wa skrini, kabla mtumiaji hajaandika hata herufi moja, na WRITE iko mwisho kabisa. Katikati kuna binadamu. Binadamu anakula, anaswali, anapokea simu, anakwenda kuchukua mtoto shuleni. Dawa yake inajulikana: soma bila kufunga, mwache aandike kwa raha zake, na akibonyeza kuhifadhi ndipo ufunge, usome upya, ulinganishe na ulichosoma mwanzo, uandike, uachie. Kufuli linaishi sehemu ndogo ya sekunde. Ikiwa mtu mwingine ameibadili rekodi katikati, mwambie mtumiaji aangalie upya, usimwandikie juu.

Sura nyingine za kufuli lililokwama ni hizi, na kila moja ina dalili yake.

Lipo la programu inayokagua kama namba fulani ipo. Inasoma kwa READU, haikuti rekodi, inarudi kwenye menyu. Watu wanasahau kwamba READU inafunga namba hata kama rekodi haipo, kwa sababu rejista inaandika namba, haiendi kabatini kuhakikisha. Bila RELEASE, mstari unabaki mpaka programu ifike mwisho, na programu nyingi za zamani zinatoka menyu hadi menyu kutwa nzima bila kufika mwisho. Ukikuta imefungwa rekodi ambayo haipo, hapo ndipo pa kuanzia.

Lipo la kazi ya nyuma ya pazia, ambayo mifumo hii inaiita phantom. Hii haina skrini wala kiti. Ukizunguka ofisi nzima kumtafuta mtumiaji huyo humpati, kwa sababu ni programu iliyoanzishwa usiku kupiga riba au kutuma ankara, ikakwama. Na lipo la mtandao uliokatika: kompyuta ya tawini imezimika na umeme, ila seva haijajua, bado inamhesabu yule mtu yupo. Kwa haya mawili, kinachotakiwa ni kuufunga muunganisho wenyewe kwa utaratibu baada ya kuangalia ulikuwa unafanya nini. Kung'oa kufuli na kuiacha programu ikiendelea kuishi ni kumnyang'anya afisa faili huku kalamu iko mkononi.

Kisha kuna mkwamo wa malori mawili darajani. Programu ya mauzo inafunga mteja, halafu inataka bidhaa. Programu ya marejesho inafunga bidhaa, halafu inataka mteja. Kila moja imeshika anachokitaka mwenzake, hakuna wa kurudi nyuma. Ukiona watumiaji wawili wameganda pamoja, kila mmoja akimsubiri mwingine, hapo hata seva yenye nguvu mara kumi haitakusaidia. Programu zote zikikubaliana kufunga kwa mpangilio mmoja, tuseme mteja kwanza kisha bidhaa, malori hayakutani tena.

Na kwenye matoleo ya kale kuna ajabu moja inayowachanganya hata wazoefu: unazuiwa kwenye rekodi ambayo hakuna aliyeigusa. Ili kuelewa sababu, lazima tujue rekodi zinakaaje.

Faili la Pick ni kama ukuta wa masanduku ya posta. Likitengenezwa, linapewa idadi ya masanduku, ambayo wenyewe wanaita modulo, na kila sanduku linaitwa kundi. Rekodi ikija, mfumo unaipigia hesabu namba yake ili kujua itumbukie sanduku lipi. Kwa mfano mwepesi, ukigawa 4017 kwa masanduku 101 unabaki na 78, basi inaingia sanduku la 78. Ndiyo maana kuitafuta rekodi moja kati ya milioni ni haraka: mfumo haupekui ukuta, unakwenda moja kwa moja. Katika Pick za mwanzo, kufuli lilikaa kwenye sanduku zima. Ukichukua barua moja, wote wenye barua kwenye sanduku hilo wanasubiri. Matoleo ya baadaye yanafunga rekodi moja moja, ingawa bado yanalishika kundi kwa muda mfupi wakati wa kuandika ndani yake.

Faili likikua na masanduku yasiongezwe, kila sanduku linafurika na barua zinarundikwa pembeni. Kusoma rekodi moja sasa kunahitaji kupekua rundo. Kila kufuli linashikwa kwa muda mrefu zaidi, foleni inazaliwa, na watu wanasema “tuna tatizo la makufuli”. Kumbe ni faili lililotengenezewa duka la wateja 500 na sasa linabeba 90,000. Amri ya FILE.STAT au ANALYZE.FILE kwenye UniVerse itakuonyesha, na RESIZE italipanua, kazi ya usiku watu wakiwa wameondoka. Nimewahi kuona bajeti ya seva mpya ikifutwa baada ya usiku mmoja wa namna hiyo.

Sanduku lenyewe linaweza kuvunjika pia. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kundi linabaki na kichwa bila mkia, na mfumo unalalamika kwamba mpangilio wa kundi una kosa. Hili si tatizo la kufuli hata kama skrini zinagoma vilevile. Njia ya zamani na rahisi ya kulibaini ni kuhesabu rekodi za faili kwa amri ya COUNT. Kuhesabu kunalazimisha mfumo kupita kila sanduku, kwa hiyo utasimama au kulalamika palepale palipovunjika. Kuna zana za kutengeneza, kama fixtool kwenye UniVerse na guide na fixfile kwenye UniData. Usiziguse kabla hujanakili faili lilivyo, na kabla hujahakikisha hakuna mtu ndani. Zana ya kutengeneza inaweza kutupa rekodi isizozielewa.

Data nayo inaweza kuharibika kimyakimya, bila kufuli wala umeme. Nimesema ankara inabeba bidhaa, idadi na bei katika sehemu tatu tofauti. Kinachoziunganisha ni nafasi tu: bidhaa ya tatu inakwenda na idadi ya tatu na bei ya tatu. Programu ikifuta plagi kwenye orodha ya bidhaa na kusahau kuifuta kwenye orodha ya bei, kila kilicho chini yake kinapanda hatua moja, na fenibelti inauzwa kwa bei ya plagi. Hutokea hasa pale programu inapoandika sehemu moja moja badala ya rekodi nzima. Ukiona bei za ajabu, hesabu idadi ya thamani katika kila sehemu. Zikiwa sita, sita na saba, umeshapata.

Lingine linaanzia kwenye majina ya watu. Mipaka ndani ya rekodi inawekwa kwa herufi maalumu: namba 254 inatenganisha sehemu, 253 inatenganisha thamani, 252 inatenganisha vipande vya thamani. Sasa, kwenye mpangilio wa herufi unaotumika sana Ulaya Magharibi, namba 252 ni ile u yenye nukta mbili ya Kijerumani. Ingiza orodha ya wageni kutoka nje bila kuichuja, na bwana Müller anafika kwenye rekodi akiwa amekatwa vipande viwili, M upande huu na ller upande ule. Mfumo haujakosea. Umeona mpaka, ukaheshimu mpaka.

Je, kuna wakati wa kuvunja kufuli? Upo. Mwenyewe ametafutwa na imethibitika hayupo, muunganisho wake umekufa, na rekodi imetazamwa ili kujua kama kuna kitu kilichoachwa nusu. Hapo UNLOCK kwenye UniVerse au SUPERRELEASE kwenye UniData ni haki kabisa. Fungua rekodi hiyo moja, usifungue zote. Na andika mahali: saa ngapi, rekodi ipi, ilikuwa ya nani. Tofauti ikionekana mwisho wa mwezi, karatasi hiyo itamwokoa mtu.

Siku ile ya pedi, tulimpigia dada wa ghala. Akacheka kwa aibu, akarudi, akabonyeza kuhifadhi. Madirisha yote yakafunguka kwa pamoja na pedi 60 zikaingia kwenye hesabu. Wiki iliyofuata tuliihamisha READU ya skrini yake ikaenda mwisho. Kwenye skrini za mauzo tukabadili ujumbe, kwa kuwa programu inayozuiwa inaweza kuuliza mfumo namba ya aliyeshika rekodi. Badala ya “rekodi inatumiwa na mtu mwingine”, sasa inasema: “Bidhaa hii iko kwa mtumiaji 43, ghala.” Wauzaji wakaacha kunipigia mimi. Wanapiga ghalani.